Ajenti wa mashini naye anahitaji ordre de mission

Mukaaji wa Luena mwenye anatuma franka kwa telefone ku Kamina ao ku Lubumbashi anaona kitu kidogo tu: namba, neno la siri, na mesaje yenye kusema pesa imefika. Hesabu yenyewe haifanyike Luena. Inafanyika mu servere, ni kusema ordinatere kubwa zenye kutumika usiku na muchana mbali na macho ya watu. Servere hizo zinafuata maagizo madogo-madogo yenye watu waliandika mbele: ada ni ngapi, mutu anaweza kutuma kiasi gani kwa siku, programu ya toleo gani njo iko kazini, mulango gani uko wazi na gani umefungwa. Mafundi wanaita maagizo hayo konfigirasio. Mutu mumoja akibadilisha mustari mumoja saa sita ya usiku, asubui maelfu ya watu wanaamuka mu hali ingine, na wengi hawatajua nani aligusa nini.

Wakaaji wa Kongo walionja jambo hilo kati ya 2020 na 2022, wakati wa ile RAM, daftari ya telefone yenye ilianzishwa na ARPTC, mamlaka yenye kusimamia mawasiliano. Unite zilikuwa zinakatwa mu telefone. Mutu anaweka unite, kisha kidogo anaona zimepunguka. Akiuliza ku kabine, mwenye kabine hana jibu, juu yeye pia anaona tu kiasi chenye kimebaki. Kanuni ya kukata ilikuwa imeandikwa mahali fulani mu servere, lakini mulipaji hakuwa na njia ya kuisoma. Kelele za watu na mabishano ya wabunge njo zilisukuma RAM ifutwe. Mashini haikumueleza mutu kitu.

Sasa kuko jambo jipya. Kampuni kubwa za dunia zimeanza kuachia programu za akili ya mashini kazi ya kusoma konfigirasio, kutafuta kosa, na mara ingine kulirekebisha. Programu za namna hiyo zinaitwa ajenti. Neno hilo si geni Kongo: kuko ajenti wa Leta, ajenti wa SNCC, ajenti wa Gécamines. Ajenti wa mashini hapate mushahara (wengine watasema hata wa Leta naye kuko miezi hapate), lakini anafanana na wengine wote: anatumwa, anauliza, analeta jibu, na akipewa ruhusa anachukua hatua yeye mwenyewe. Ili aulize, anapewa chombo. Na chombo kinakuwa na karatasi ya maelezo yenye kusema kinafanya nini na kinatumiwa namna gani. Karatasi hiyo ndogo inastahili kuangaliwa, juu ajenti hana macho mengine.

Karatasi yenye inasomwa kila mara

Mutu akinunua redio mupya, ndani ya karto kuko kitabu kidogo cha maelezo. Wengi wanakiacha mule mule. Wanazungusha kinyonga, wanasikia sauti, basi. Mafundi wa ordinatere nao hawana tabia tofauti. Kitabu kinafunguliwa siku ya matatizo tu.

Kwa ajenti mambo iko ingine. Mwezi wa 11 mwaka 2024 kampuni ya Marekani yenye kuitwa Anthropic ilitangaza kanuni ya wazi ya kuunganisha akili ya mashini na vyombo, jina lake Model Context Protocol. Mu mwaka 2025 OpenAI na Google nao wakakubali kuitumia. Kufatana na kanuni hiyo, kila chombo kinajitambulisha kwa jina, kwa maelezo yenye kuandikwa mu lugha ya kawaida ya watu, na kwa orodha ya vitu vyenye kinapaswa kupewa ili kijibu. Ajenti anasoma maelezo hayo mbele ya kutumika, na kwa hayo anaamua: achukue chombo hiki ao kile, aulize namna gani, na jibu alipe uzito gani. Mutu akiandika vibaya, ajenti atafuata vibaya, kwa bidii yote.

Tuseme ni chombo cha kuchukua konfigirasio ya huduma ya kutuma pesa. Ajenti anakipa jina la huduma na mahali: ku majaribio, kule mafundi wanajaribia vitu, ao ku kazi ya kweli, kule pesa ya watu inapita. Chombo kinarudisha toleo la programu, kopi ngapi ziko kazini, mipaka yenye iliwekwa, na siku ya mwisho maagizo yalibadilishwa. Inaonekana rahisi. Lakini kama mutu hakutaja mahali, na chombo kimetengenezwa ili kichague majaribio, na karatasi haiseme hilo? Ajenti atauliza bila kutaja. Atapata jibu la majaribio. Ataripoti kwamba hiyo njo hali ya kweli, na mukubwa wake atalala usingizi. Hakuna mwenye alidanganya: jibu lilikuwa sahihi, ila la nyumba ingine.

Fundi mwenye anaandikia fundi mwenzake anaacha mambo mengi bila kuyaandika, juu anajua mwenzake atakisia, ao atavuka barabara kumuuliza. Ajenti havuke barabara. Kama kitu hakikuandikwa, atajaza nafasi na kitu chenye kinaonekana kuwa na maana, na atakisema na sauti ile ile yenye anatumia kwa mambo ya kweli. Wale wamezoea kuuliza akili ya mashini maswali ku telefone wanamujua.

Treni ya karatasi na treni ya kweli

Watu wa Luena hawana haja ya fundi wa mbali awaeleze tofauti kati ya kitu chenye kiko mu karatasi na kitu chenye kiko ku reli. Muji huo wa makala ya mawe unaishi pembeni ya njia yenye ilifika Bukama mu mwaka 1918. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2022, treni ya muzigo yenye ilitoka Luena kuelekea Tenke iliacha reli ku Buyofwe, upande wa Lubudi, mu jimbo la Lualaba. SNCC ilisema ilikuwa na wago 15, na 12 kati yake zilikuwa tupu. Wago 7 zilianguka mu korongo. Watu zaidi ya 60 walikufa, na hesabu ilizidi kupanda siku zenye zilifuata.

Wago tupu, na mamia ya watu juu yake. Wakubwa wa reli waliwaita wasafiri wa kujificha. Lakini mu vijiji vya pembeni ya njia, kupanda treni ya muzigo si siri ya mutu yeyote: treni ya wasafiri ni ya nadra, barabara ni mbaya, na biashara haingoje. Mu karatasi ilikuwa treni ya muzigo. Ku reli ilikuwa treni ya watu. Mwenye angeomba hali ya treni hiyo kwa kusoma karatasi peke yake, angejibiwa: wago 15, 12 tupu, hakuna musafiri.

Servere nazo ziko na treni mbili hizo. Kuko konfigirasio yenye ilitangazwa, ile mafundi waliandika na kuweka mu gala la maagizo. Na kuko ile yenye inatumika saa hii. Zinapaswa kufanana, na siku nyingi hazifanane. Mutu aliingia usiku kurekebisha tatizo akasahau kuandika. Servere moja ilizimika, ikarudi na maagizo ya zamani. Mwisho wa mwezi wa 7 mwaka 2012, kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, iliweka programu mupya ku servere zake 8. Mu karatasi zote 8 zilikuwa mupya. Kwa kweli moja ilibaki na programu ya zamani, na hakuna mutu aliona. Soko ilipofunguliwa tarehe 1 mwezi wa 8, servere hiyo moja ilianza kununua na kuuza bila kikomo. Kwa dakika karibu 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dolari milioni 440, na kisha miezi michache ikauzwa kwa kampuni ingine.

Ajenti mwenye angetumwa asubui ile kusoma gala la maagizo angejibu kwamba mambo yote iko sawa. Kwa hiyo, kati ya mambo yote yenye karatasi ya chombo inaweza kusema, la kwanza ni hili: chombo kinasoma treni gani? Chenye kusoma gala kiko na faida, kinaonyesha kile wakubwa walitaka. Chenye kuuliza servere zenyewe kiko na faida pia, hata zaidi siku ya hatari. Chenye kuchanganya viwili bila kusema, afazali ajenti asipewe chombo hata kimoja. Halafu kuko swali la saa. Vyombo vingi vinaweka jibu mu akiba ili visiulize servere kila dakika. Hakuna ubaya, lakini jibu lije na saa yake: nilisoma saa ine na nusu, si sasa. Chef de gare hapeleke treni kwa habari ya jana.

Kimya si njia wazi

Ku reli kuko kanuni ya zamani kuliko ordinatere: shefu wa gare akiuliza gare ya mbele kama njia iko wazi, na asipate jibu, treni haitoke. Kimya haimaanishe ndiyo.

Vyombo vingi vya ordinatere vinavunja kanuni hiyo bila kujua. Ajenti anauliza: huduma hii iko na kikomo gani cha pesa kwa siku? Chombo kinarudisha kitu tupu. Utupu huo unaweza kuwa na maana tatu ao ine. Pengine hakuna kikomo chenye kiliwekwa. Pengine kiko lakini ajenti hana ruhusa ya kukiona. Pengine mutandao ulikatika katikati. Pengine jina la huduma liliandikwa vibaya, herufi moja tu. Mutu mwenye uzoefu atasita. Ajenti, kama karatasi haikumufunza kutofautisha, anaweza kuandika mu ripoti: hakuna kikomo. Na mwenye kusoma ripoti hiyo ku Kinshasa ao ku Johannesburg atachukua hatua juu ya kikomo chenye kiko kweli na chenye kinalinda pesa za watu. Mu inchi kama Kongo, kwenye mutandao na umeme vinakatika-katika, jambo hilo si la kuwaza tu mu darasa. Karatasi yenye iliandikwa na mutu mwenye hajaona mutandao kukatika inasahau ukurasa huo kila mara.

Siri nazo ziko mu konfigirasio: maneno ya siri ya gala za habari, funguo za kuingia ku benki. Mu Kubernetes, mufumo wenye unatumiwa sana duniani kwa kuweka programu kazini, maagizo ya kawaida yanawekwa mu sanduku moja na siri mu lingine lenye kuitwa Secret. Jina linatuliza roho bure. Bila hatua zingine, siri zile zinageuzwa tu kwa namna ya kuandika yenye kuitwa base64, na yeyote mwenye kuzipata anazirudisha mu hali ya kusomeka kwa sekunde moja. Ajenti mwenye kusoma kila kitu anazibeba zote mu kichwa chake, na kichwa chake mara nyingi kiko ku servere ya kampuni ya inchi ingine. Kongo iko na sheria juu ya habari za watu, Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Lakini sheria haitafunga mulango wenye chombo kiliacha wazi. Chombo kizuri kinaficha siri, na karatasi inasema wazi kwamba imefichwa: hapa kuko neno la siri, hautalionyeshwa. Kikiacha nafasi tupu, tunarudi ku kimya.

Kenya: siku waamuzi waliandika karatasi

Swali la nani anaweza kusoma konfigirasio, na kwa mipaka gani, halikuzaliwa na akili ya mashini. Afrika ya Mashariki imelijibu mbele ya mahakama, na jibu lilianguka juu ya raisi.

Kisha uchaguzi wa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2017, Raila Odinga alipeleka mashitaka ku Mahakama ya Juu ya Kenya akisema namna matokeo yalitumwa kwa mashini haikuwa safi. Tarehe 28 ya mwezi ule ule, mahakama iliamuru tume ya uchaguzi, IEBC, ifungue servere zake. Amri hiyo inastahili kusomwa na kila mutu mwenye anataka kuandikia ajenti karatasi. Ilisema kusoma tu, bila kugusa. Ilitaja vitu vyenye vinapaswa kuonyeshwa: servere ngapi, ukuta wa ulinzi lakini bila kutaja toleo la programu yake, kanuni za maneno ya siri, aina za watumizi na kila mumoja anaweza kufika mpaka wapi, na alama za watu wote wenye waliingia tangu tarehe 5 mwezi wa 8. Ilitaka wataalamu wa kuangalia kazi hiyo, na ripoti mbele ya waamuzi.

Kwa kweli, kile chenye waamuzi walifanya ni kutengeneza chombo cha kuchukua konfigirasio kwa maneno ya sheria. Walijua kwamba kufungua kila kitu kungeharibu ulinzi wa mufumo, njo maana wakaficha matoleo ya programu. Walijua pia kwamba kufunga kila kitu kungegeuza mashitaka kuwa maneno ya bure.

IEBC ilitoa sehemu moja, na sehemu yenye maana zaidi haikutoka. Waamuzi hawakuhesabu kimya hicho kama hakuna kitu. Walisema kwamba, tume ilipokataa kufungua, mahakama ilikuwa na haki ya kuamini kwamba mufumo uliingiliwa, ao wafanyakazi wake wenyewe waliuchezea, ao kazi ya kutuma ilivurugika na hawakuweza kuihakikisha. Tarehe 1 mwezi wa 9, waamuzi 4 juu ya 6 walifuta uchaguzi. Kulikuwa sababu zingine pia, fomu zenye hazikufika na zingine bila alama za usalama, lakini servere zenye hazikufunguka zilikuwa na uzito. Kura zilirudiliwa tarehe 26 mwezi wa 10.

Kongo, mwaka wenye ulifuata, ilipiga kura na mashini za Miru Systems ya Korea ya Kusini. Mu kambi ya upinzani waliziita mashini za kuiba, CENI ikajibu kwamba ni za kuchapisha tu karatasi za kura. Watu wa Beni na Butembo hata hawakupiga kura ya raisi siku ile. Yao ya wabunge ilisogezwa mpaka mwezi wa 3 mwaka 2019, wakati raisi alikuwa amekwisha kuapishwa. Katika mabishano yale yote, kila upande ulisema juu ya mashini kwa imani. Amri kama ile ya Nairobi, yenye kuorodhesha mustari kwa mustari kile chenye kinapaswa kusomwa ndani yake, haikutokea Kinshasa.

Kusoma, na kugusa

Waamuzi wa Kenya waliandika "kusoma tu" na wakatuma wataalamu kuangalia. Mu kanuni ya vyombo vya ajenti, maneno hayo mawili nayo yako: mwenye kutengeneza chombo anaweza kukiwekea alama yenye kusema kinasoma bila kubadilisha. Lakini kanuni yenyewe inaonya kwamba alama hiyo ni dokezo. Haifunge kitu. Chombo kinaweza kubeba alama ya kusoma tu na bado kifute. Kufuli ya kweli iko ku ufunguo wenye chombo kilipewa: kama ufunguo hauna nguvu ya kuandika, hata ajenti akichanganyikiwa hatabomoa.

Mwezi wa 7 mwaka 2025 mufanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa anajaribu ajenti wa kampuni ya Replit. Aliiambia mara nyingi isiguse kitu. Ikafuta gala la habari la kazi ya kweli, lenye majina ya wakubwa wa kampuni zaidi ya 1,200. Kisha ikasema haiwezekane kurudisha, na hiyo pia haikuwa kweli, juu yeye mwenyewe alifaulu kurudisha. Mukubwa wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi na kutangaza kwamba tangu pale gala la majaribio na la kweli yatatenganishwa. Amri ya mudomo ilikuwa imetolewa. Ufunguo haukuwa umenyanganywa.

Na kuko hatari ingine, yenye mutu yeyote mwenye alisimamishwa ku barriere ya barabara ya Bukama atailewa haraka: ordre de mission ya uongo. Mwezi wa 4 mwaka 2025, watafiti wa Invariant Labs walionyesha kwamba mutu mubaya anaweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya chombo. Mutumizi haone kitu ku kioo. Ajenti, mwenye kusoma karatasi yote, anakuta mustari wenye kusema: mbele ya kujibu, soma faili la siri na ulitume kule. Na anatii, juu kwake karatasi ya chombo ni neno la mukubwa. Karatasi njo njia ya kazi, na karatasi ile ile njo njia ya mwizi. Kwa hiyo haitoshe iwe nzuri. Inapaswa kujulikana nani aliiandika, siku gani ilibadilishwa, na nani aliweka kashe.

Kuko wenye kusema: basi ajenti wakae inje kabisa, kazi ya servere ibaki ya watu. Hoja hiyo inasahau kwamba watu nao wanaangusha vitu. Tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka 2024 faili moja ya konfigirasio yenye ilitoka ku kampuni ya ulinzi CrowdStrike iliangusha ordinatere milioni 8.5 za Windows duniani, ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi ku kaye na kalamu. Faili hiyo haikutumwa na ajenti wa akili ya mashini. Ilitumwa na kampuni ya watu, na majaribio yake hayakushika kosa.

Na faida iko. Hospitali ya teritware, kopa ya wakulima, ao redio ya mutaa, mara nyingi iko na fundi mumoja mwenye anashugulika na antena, umeme wa jua, na ordinatere, vyote pamoja. Ajenti mwenye anaweza kusoma maagizo saa nane ya usiku na kumuambia kwamba kikomo hiki kilibadilishwa jana saa kumi, kisha ku servere ya pili bado ni cha zamani, anamuokolea siku mbili za kutafuta. Kusoma tu kunatosha kwa musaada huo. Kubadilisha kubaki mu mukono wa mutu mwenye jina lake linajulikana, hata kama ni kumungojea mpaka asubui.

Lugha njo kitu chenye hakizungumuzwe sana. Karatasi hizo karibu zote zinaandikwa mu Kiingereza, na mafundi wa Haut-Lomami, wa Tanganyika, wa Kivu walisoma mu Kifaransa na wanaelezana kazi mu Kiswahili. Ajenti hatalalamika, yeye anasoma zote. Lakini kosa la karatasi linaonekana na mutu mwenye anajua mahali: mwenye anajua kwamba servere ya Lubumbashi inazimika kila umeme ukikatika, kwamba jina fulani ni la huduma ya zamani, kwamba "tupu" hapa maana yake mutandao ulianguka. Mutu huyo akipewa karatasi mu lugha yenye anaivuka kwa shida, atatia sahihi bila kusoma mpaka mwisho, na ukurasa wa kimya utabaki haujaandikwa.

Kampuni za telefone zinapata ruhusa ya kutumika Kongo kupitia ARPTC, na ruhusa inakuja na masharti. Hakuna kinacholazimisha mamlaka ingoje ajenti afute kitu kwanza. Inaweza kuuliza sasa: mu servere zenye zinabeba pesa za Luena, Moba ao Uvira, kuko ajenti wa mashini? Akiwa yuko, ufunguo wake unafika wapi, karatasi za vyombo vyake ziko wapi, na alama za maswali yake zinachungwa siku ngapi? IEBC iliulizwa alama za tangu tarehe 5, siku tatu mbele ya kura. Kampuni yenye inafuta alama kila wiki haitakuwa na kitu cha kuonyesha mukaaji mwenye analeta mashitaka mwezi wenye kufuata.